Mbelu na Hesabu ya Madoa

Sikuwahi kuwapenda vipepeo. Nalisema mapema, usije ukadhani nimeketi hapa kusifu maua. Kitu kinachoruka na hakiliwi, mimi sina haja nacho. Lakini jirani yangu Mbelu alikuwa nao nyumba nzima, juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya mkebe wa biskuti ambao mwanamke mwingine angewekea sindano na uzi. Nilimtania sana. "Benzako banahesabu batoto, we unahesabu madoa," nilimwambia, naye akacheka kwa pua na kuendelea kukunja karatasi zake.

Tulikaa Manika, hapa Kolwezi, ukuta kwa ukuta. Mimi ni Sikudhani, watu wetu ni Waislamu wa Maniema, na mume wangu Abibu alikuwa na lori la kupeleka sabuni na vitenge hadi Dilolo, mpakani mwa Angola. Mimi niliuza samaki wa chumvi sokoni. Mbelu yeye alikuwa Mluba wa Kasai. Baba yake aliletwa kuchimba shaba zamani za Wabelgiji, na yeye akazaliwa hapa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa picha, ila kila mtu akigombana naye kisimani alimwambia arudi kwao.

Mambo ya vipepeo aliyapata kwa Bwana Desmedt, mzungu wa kupima mawe, ambaye alimfulia na kumpigia pasi miaka tisa. Jioni yule mzungu huvua buti, hukaa mezani na vipepeo wake na kioo cha kukuzia. Siku moja alikuwa na wawili mbele yake, wote rangi ya chungwa, wote wenye ncha nyeusi na mkanda mweupe kwenye mabawa ya mbele. Mbelu akapita na pasi ya makaa mkononi, akatazama mara moja, akasema, "Bwana, hawa si ndugu." Mzungu akacheka. Kisha akatazama tena, akavuta kioo chake.

Nitakueleza kama alivyonieleza, maana nimelisikia mara mia. Wa kwanza ana sumu. Ndege akimdonoa humtema, na hamrudii tena. Wa pili hana sumu yoyote, anavaa tu nguo za yule wa kwanza ili ndege wamwogope. Ukitazama mabawa ya mbele huwezi kuwatofautisha. Tazama ya nyuma. Mwenye sumu ana madoa meusi matatu katikati ya bawa, na dume lake lina la nne, nene kidogo. Yule mwigaji ana doa moja tu, juu, ukingoni. Na mwigaji ni jike peke yake, kwani mume wake ni mweusi mwenye miezi myeupe, huwezi kudhani wanalala nyumba moja. Hapo nami nilicheka, nikamwambia ndoa za namna hiyo nazijua nyingi.

Bwana Desmedt alimpa na sheria yake: usichokiona usikiandike. Bawa likiwa bovu, weka pembeni, usikisie. Mbelu aliishika sheria ile kama amri ya Mungu, akaichanganya na maisha. Alikuja kwenye meza yangu sokoni, mteja akiuliza kama samaki ni wa mto Lualaba, mimi nikiapa kuwa ni wa Lualaba, yeye anasema kwa upole, "Mi sijui, sikuona siku banamuvua." Mara mbili nilimfukuza kwa ufagio. Nasema hivi ujue mtu wenyewe alikuwaje. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtakatifu. Ulimi wake tu haukuweza kutangulia macho yake.

Mzungu aliondoka mwaka sabini na sita, akamwomba aendelee kumkusanyia. Mume wake Badibanga alikuwa mfunga breki kwenye treni ya mizigo ya njia ya Dilolo. Treni ile husimama saa nzima bila sababu, na kila iliposimama Badibanga alishuka na wavu, mtu mzima mwenye ndevu, akikimbia majanini huku wenzake wakimzomea. Yeye mwenyewe hakujua kutofautisha hata mmoja. Alileta tu, na kumwambia mkewe wapi na siku gani. Mbelu alikunja karatasi ya daftari pembetatu, akamlaza kipepeo ndani, na juu ya karatasi akaandika mahali, tarehe, na idadi ya madoa. Mutshatsha, tarehe nane, 4. Kasaji, tarehe tisa, 3. Dilolo, tarehe kumi na moja, 1. Sanduku likijaa, Badibanga alilipeleka Lubumbashi kwa padri mmoja aliyelituma Ulaya.

Sasa soma tena maandishi yale, lakini usome kwa macho ya askari.

Ilikuwa Machi ya sabini na nane. Mwaka uliotangulia waasi waliingia kutoka Angola kwa njia ile ile ya Dilolo, wakafukuzwa, na kila mtu alijua watarudi, hakuna aliyejua lini. Mji ulijaa wanajeshi. Walisema Kilingala, na sisi tukisikia Kilingala, hata cha salamu, tulijikunyata. Watu walichukuliwa kwa kukosa kadi, kwa kuwa na shemeji Angola, kwa kuvaa buti. Waliochukuliwa, wengine walirudi, wengine hawakurudi, na hukuuliza.

Asubuhi ya Jumatano Mbelu aliingia kwangu bila kubisha hodi, kanga imefungwa upande. Nilikuwa naosha samaki.

"Banamukamata Badibanga ku gare, ku treni," alisema. "Na sanduku. Banasema iko mupelelezi. Banasema ile manumero njo hesabu ya balori ya basoda."

Madoa yake yamekuwa malori ya wanajeshi. Nilimwuliza Badibanga amejibu nini.

"Amesema hajui, bibi yake njo anaandikaka."

Ndiyo kusema alikuwa amemtaja mke wake. Sikumlaumu, lakini niliona mara moja mlango uliofunguka hapo. Akienda, anakwenda kukiri kwamba mkono ni wake. Asipoenda, mume hana wa kumsemea, na mtu asiye na wa kumsemea siku zile alikuwa maiti. Nilimwambia asubiri, tutafute mtu mkubwa, mtu wa chama, mtu yeyote. Akatikisa kichwa.

"Kesho banabapeleka fasi ingine, mbali. Kama mi siendi leo, Sikudhani, simuoni tena. Twende na mi. Peke yangu magulu inakataa."

Nilitaka kukataa. Nasema kweli. Abibu wangu alikuwa Dilolo na lori siku ile ile, na jina la Dilolo lilitosha kumfanya mtu asirudi nyumbani. Lakini alikuwa ameshika ukingo wa karai langu la samaki, hakuuachia. Nikajifuta, nikajifunga mtandio, tukatoka.

Wanajeshi walikuwa wamefanya kituo chao kwenye ghala tupu nyuma ya reli. Askari wa mlangoni akatupekua hadi kwenye nywele. Ndani kulikuwa na meza, na kwenye meza sanduku la Mbelu, na nyuma ya meza komanda, mtu mwembamba aliyekata kucha vizuri. Yeye alijua Kiswahili, cha Kisangani. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Alianza na mimi.

"Wewe nani?"

"Jirani yake, komanda."

"Bwana yako anafanya kazi gani?"

Nikasema bwana yangu anauza samaki pamoja na mimi, hapo sokoni, hatoki mjini. Uongo ule ulinitoka laini kama mafuta. Akaandika. Tangu alipouandika sikutaka tena anitazame, na nikaanza kuomba Mungu asinikumbuke kabisa. Akaniamuru nisimame mlangoni, nisifungue kinywa. Nikifungua, nitakaa na wale walioko uani.

Kisha akamgeukia Mbelu, akamwita raia kwa Kifaransa, kidole juu ya ile 4 ya karatasi. "Citoyenne. Ine pale Mutshatsha. Ine nini?"

"Madoa, komanda."

"Madoa ya nini?"

Akamweleza. Nilimsikia akiyasema yote, ya sumu na ya mwigaji, kama alivyonisemea mimi. Askari wawili walicheka. Komanda hakucheka. Akachukua karatasi moja ya pembetatu, akaifungua chini ya meza, akaiacha mapajani mwake, maandishi ayaone yeye peke yake. Kipepeo akamweka mezani.

"Sema numero."

Mbelu akainama. Hakugusa. "Tatu."

Komanda akatazama mapajani. Akafungua ya pili.

"Moya."

Ya tatu. "Ine. Ile ya ine njo kubwa, ona, iko na kitu cheupe katikati." Ya nne, tatu. Ya tano, moja. Kila mara alichelewa kidogo kabla ya kusema, na katika kule kuchelewa mimi nilikufa na kufufuka. Nilikuwa nimezoea kumcheka kwa madoa yake. Sasa nilikuwa nayahesabu pamoja naye kutoka mlangoni, bila kuyaona.

Ya sita ilikuwa imebanwa na mikono ya askari. Bawa la nyuma lilikuwa vumbi. Mbelu akainama, akainama tena, akasogeza uso karibu hadi pumzi yake ikalipeperusha.

"Sema."

"Hii siwezi kusema."

"Uliandika wewe mwenyewe."

"Kama niliandika, niliona ile siku. Leo bawa iko mbovu. Siwezi kusema kintu sioni."

Nilifumba macho. Mjinga wewe, nilisema moyoni, kisia! Tatu au nne, kisia. Komanda akatoa ile karatasi mapajani na kuitupa mezani. Ilikuwa nne.

"Mwongo angekisia," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Alisimama, akavuta shati lake. "Nimetafuta mtu wa macho ya namna hii tangu nifike. Kuya huku inje."

Askari akanisogeza hadi mlango wa uani. Uani kulikuwa na wanaume kumi na mmoja wameketi kwenye jua, mikono imefungwa. Walikuwa wamechukuliwa tangu juzi hapo stesheni na kando ya reli, hawana kadi. Badibanga alikuwa wa tatu, jicho moja limevimba na kufungika. Alipomwona mkewe alianza kulia bila sauti. Komanda akasema wote hawa wanadai ni watu wa hapa. Waasi nao wanadai ni watu wa hapa, wanavaa kama watu wa hapa, wanasema kama watu wa hapa. Mbelu amezaliwa hapa. Apite mmoja mmoja, aseme anayemjua. Anayejulikana aende nyumbani.

"Na ile sijui?" Mbelu aliuliza.

"Hiyo ni kazi yangu."

Alielewa, usifikiri hakuelewa. Lakini mume wake alikuwa pale, na kumi wengine, na kukataa kulikuwa kuwaacha wote. Akaanza.

Wa kwanza alikuwa Ngeleka, fundi viatu, akamtaja jina na mtaa na kanisa. Wakamfungua. Wa pili mwana wa mama mmoja wa kwaya. Wa tatu, "Huyu bwana yangu." Wa nne na wa tano aliwajua. Wa sita hakumjua, nami niliona hakumjua. Lakini hakumwacha. Aliinama kumtazama kama alivyoinama mezani, akamshika mikono iliyofungwa, akaonyesha vidole. "Huyu ni wa kiwandani, komanda. Ona, asidi imekula makucha. Na suruali iko na matundu ya asidi. Hii haitoke ku Angola." Komanda akatazama, akaitikia kwa kichwa. Wa saba, wa nane na wa kumi aliwajua. Wa tisa hakumjua, akamkomboa kwa masizi ya garimoshi yaliyoingia ndani ya ngozi ya shingo. Nilianza kupumua. Nilianza kufikiri atawatoa wote, na nikasema moyoni kwamba sitamcheka tena maishani.

Wa kumi na mmoja alikuwa mtu wa makamo, shati la buluu, miguu mitupu. Mbelu akamtazama mikono. Haikuwa na kitu, mikono tu ya mtu anayelima, na waasi nao ni watoto wa wakulima. Akamtazama shingo, masikio, nyayo. Alichuchumaa mbele yake muda mrefu hadi askari wakaanza kunung'unika. Yule mtu alijaribu kusema jina lake na anakotoka, lakini mdomo wake ulikuwa umepasuliwa na meno hayakuwepo, yalitoka mate na damu tu.

Mimi nilimjua.

Aliitwa Muamba, wa Lubudi. Alikuja na treni kila mwezi na magunia mawili ya maharagwe, na mwezi wa pili aliweka magunia yake chini ya meza yangu kwa sababu ya mvua, tukala pamoja mhogo wa kuchoma. Aliniambia mke wake ana ujauzito wa nne. Alikuwa ameinua kichwa na kunitazama mimi pale mlangoni, moja kwa moja. Macho hayana pazia. Aliniona, na aliona kwamba nimemwona.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini neno lile lingemfanya komanda ageuke, aniulize namjua vipi, na mume wangu yuko wapi hasa, na kwa nini nilisema hatoki mjini. Nikatazama chini. Palikuwa na siafu wanapita kwenye kizingiti, nikawatazama siafu.

"Huyu simujui," Mbelu alisema.

Alilisema taratibu, kwa huzuni, kama alivyosema juu ya lile bawa bovu. Hakusema ni mwasi. Alimweka pembeni tu, kama alivyofundishwa. Komanda akamshukuru, akamwita mama. Tulipokuwa tunatoka langoni na Badibanga katikati yetu, tumemshika huku na huku, lori lilipita karibu nasi, na nyuma yake askari wanne na shati la buluu.

Sanduku hawakulirudisha, na Mbelu hakuliuliza. Aliuliza juu ya yule mtu. Alirudi kituoni mara tatu, peke yake, yule mwanamke ambaye miguu ilikataa, na mara ya tatu wakampiga kitako cha bunduki begani. Vipepeo aliobaki nao aliwamwaga kwa kuku. Usiku hakulala, Badibanga aliniambia, anakaa akitazama mikono yake. Alinijia akaniuliza, "Sikudhani, ulimuona muzuri yule muntu? Hakukuwa na alama hata moya?" Nikamwambia nilisimama mbali. Abibu alirudi salama kutoka Dilolo siku nne baadaye, tukachinja jogoo, na nyama ile sikuweza kuimeza.

Mwezi wa nne, siku ya soko, mwanamke alisimama mbele ya meza yangu. Tumbo lilikuwa limefika mbele. Alikuwa na picha ndogo ya kadi imefungwa kwenye pindo la kitenge, akaifungua kwa meno.

"Mama, samahani. Mi ni Bilonda, bibi ya Muamba wa Lubudi. Alikuyaka na maharagwe, hakurudi. Banasema alikuwa anauzisha upande huu."

Mbelu alikuwa kando yangu, amekuja kununua dagaa. Alinyoosha shingo, akaitazama picha. Haikumchukua muda. Aliweka kikapu chini, akamshika yule mwanamke mikono yote miwili, na hapo hapo, mbele ya wauza samaki wote, akamwambia kila kitu: ghala, uani, jua, shati la buluu, na mimi pale mlangoni. "Banauliza kama ninamujua. Mi njo nilisema simujui, mama. Sikumujua. Mi njo nilisema." Alipiga magoti kwenye magamba ya samaki.

Bilonda hakumpiga wala hakupiga yowe. Alibaki amesimama, mkono mmoja kichwani pa Mbelu, kama mtu aliyesahau kuuondoa. Alitazama meza yangu, akatazama chini ya meza, pale palipo na nafasi ya magunia mawili. Kisha akanigeuzia ile picha.

"Na weye, mama? Ulikuwa kule pamoja naye. Weye ulimujua?"

Mbelu aliinua uso akanitazama, akingoja, maana hata yeye hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikasema hapana.